Barua ya Wazi kwa Kamishna Mkuu: Niuzieni Jina Langu

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA NAMBA BINAFSI KWA AJILI YA GARI LA VITI VIWILI

Ndugu Kamishna,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlipakodi mwaminifu, hasa kwa sababu gari langu lilipitia kwenu bandarini kabla ya kunifikia mimi. Ni gari la spoti, jekundu, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba kila tuta la mtaani kwetu lina mchirizi wa rangi yake. Nikifika kwenye tuta kubwa, abiria wangu hushuka mwenyewe bila kuambiwa, anavuka kwa miguu, halafu ananisubiri upande wa pili.

Dashibodi inaahidi kilomita 260 kwa saa. Sheria inaniruhusu 50 kwenye makazi ya watu, na trafiki wapo na tochi zao kuhakikisha sisahau. Foleni ya Barabara ya Morogoro jioni inanipa tano, siku ikiwa njema. Bajaji inanipita kushoto, bodaboda kulia, na basi la mwendokasi linapepea katika njia yake, limejaza watu waliosimama wakinitazama kwa huruma. Kasi ya gari langu hakuna aliyewahi kuiona. Ila bati la nyuma wanalisoma wote, tena kwa kituo.

Na wakilisoma, Ndugu Kamishna, wanasoma umri. Mjini hapa dalali haanzi na injini, anaanza na herufi ya bati, maana herufi hutolewa kwa mfuatano wa alfabeti: namba B ni babu, namba C mtu mzima, namba D bado anatongozeka, namba E ndiyo kwanza ametoka ndani. Gari linaweza kuwa limezeekea Japani, likishasajiliwa hapa linazaliwa upya. Ubaya ni kwamba nalo litazeeka upya, na majirani wanahesabu. Namba binafsi, yaani jina langu kwenye bati badala ya namba, haina umri. Ndiyo maana naitaka.

Sasa tuje kwenye bei. Mwaka 2016 ada ya namba binafsi ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10, kwa kila miaka mitatu. Katika bajeti hiyohiyo, usajili wa kawaida wa gari ulipanda hadi shilingi 250,000. Kwa maneno mengine, Serikali ikikuchagulia namba ni rahisi. Ukijichagulia mwenyewe, hapo ndipo kichwa chako kinatozwa. Silalamiki. Nauliza tu, kwa bei hiyo ya 2016, kuhusu haki baina ya majina. Ali ana herufi tatu, kwa hiyo kila herufi inamgharimu zaidi ya milioni 3. Mwanahamisi, endapo bati litamtosha, analipa chini ya milioni moja kwa herufi. Kwa nini Ali aadhibiwe kwa sababu wazazi wake walikuwa watu wa maneno machache?

Jina lenyewe limenitoa jasho. BOSI naamini linagombaniwa. MHESHIMIWA ni refu, na wenye nalo wamekwisha kupata magari bila kununua bati. Nilifikiria FOLENI, kwa kuwa ndiko gari linakoishi. Mke wangu anapendekeza ADA, kwa sababu ya shule za watoto, na anapolitamka hacheki. Halafu juzi nikasimama nyuma ya daladala lililoandikwa kioo kizima cha nyuma, kwa stika za rangi tatu: jina la timu, dua, na onyo kwa mahasidi. Yote hayo kwa hela ya fundi wa stika, na hakuna wa kumwambia alipie tena baada ya miaka mitatu.

Basi milioni 10 zinanunua nini? Vijiweni wanasema zinanunua heshima ya barabarani: trafiki akiona jina badala ya namba, mkono ulioinuka kusimamisha gari unamalizikia kwenye saluti. Nimelipigia hesabu. Faini ya kosa la barabarani ni shilingi 30,000. Milioni 10 ni faini 333, na chenji ya 10,000 inabaki. Ili bati lirudishe gharama yake, lazima linivushe mara tisa na ushee kila mwezi kwa miaka mitatu. Kwa gari linalotembea kilomita tano kwa saa, nitayatoa wapi makosa yote hayo?

Wenzetu wa Dubai, Aprili 2023, waliuza namba P 7 mnadani kwa dirhamu milioni 55. Wazimu mtupu, lakini angalau ilitangazwa wazi kwamba fedha zinakwenda kulisha wenye njaa. Mnunuzi alijua alichonunua, na wenye njaa walijua wanachongoja.

Kwa hiyo, Ndugu Kamishna, naomba mambo mawili. Kwanza, Ali apewe punguzo. Pili, kama milioni 10 ni za bati na jina tu, muwaambie trafiki wanisimamishe kama wanavyomsimamisha mwenye namba A. Na kama kuna kingine kinachouzwa humo ndani, kiandikwe kwenye risiti ya EFD, kipengele kwa kipengele. Mmetufundisha wenyewe kwamba ukinunua, dai risiti. Naidai.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye gari jekundu, njia ya kushoto,
Barabara ya Morogoro.