Ruhusa ya Kulalamika

Ukikaa ng'ambo miaka mingi kuna haki moja inafutika kimyakimya: haki ya kulalamika. Tangu nirudi Morogoro kutoka Uingereza sina mahali pa kulalamikia. Mama wa mchicha pale Soko Kuu la Chifu Kingalu anailalamikia mvua, konda wa stendi ya Msamvu anawalalamikia abiria, kijana wa bodaboda anailalamikia bei ya mafuta, na wote wanaitikiwa, "Kweli kabisa!" Nikifungua kinywa mimi, kikao kinavunjika.

Nikisema joto limezidi, shemeji anapiga makofi: "Mzungu wetu huyo!" Nikapanda zangu Mgeta, kule zinakolimwa kabichi na karoti, nikajikunyata na kusema baridi hii kali. Nikajibiwa, "Si umetoka kwenye barafu wewe?" Kwa hiyo joto si langu, na baridi si yangu.

Njoo kwenye maji. Mito ya milima ya Uluguru inaulisha Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Mimi nalala chini ya milima hiyohiyo, na bomba linakohoa hewa tupu. Nikauliza kwa upole tu, maji yatatoka lini? Dada akanitazama kuanzia viatu hadi kofia: "Umeshasahau ndoo, eeh?" Dada huyohuyo, jana yake, alikuwa amelisema bomba hilo tangu alfajiri kwa maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyapitisha.

Basi nikaona bora nisifie. Kumbe kusifia nako kuna balaa lake. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na safari iliyokuwa ikitumalizia siku kwenye foleni za barabarani sasa ni ya muda wa saa mbili hivi. Nikawaambia vijana wa kijiweni: treni yetu inakwenda kwa umeme, wakati zaidi ya nusu ya reli za Uingereza hazina hata waya wa umeme, huko bado dizeli inanguruma. Kijiwe kikanyamaza. Kisha mmoja akauliza kwa huruma, "Braza, kwani huko walikufukuza?"

Kuhusu pesa ndiyo usiseme. Wanaamini kontena langu liko bandarini. Nimewaeleza kwamba huko nilikuwa nabeba boksi, tena boksi lenyewe, ghalani, usiku. Wananiitikia kwa tabasamu: matajiri ndivyo walivyo, hawapendi kujionyesha.

Nikakimbilia kwa mjomba. Sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama, na ardhi ya ukoo inafuata njia hiyohiyo. Ukitaka kipande cha kulima, mwenye neno ni mjomba. Bodaboda ikanipandisha hadi Kinole, kwenye migomba na mikarafuu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Shamba lako lile pale."

Nikainua macho. Shamba lilikuwa limesimama wima. Mbuzi angelitafakari kwanza kabla ya kulikanyaga. Nikasema, kwa adabu zote, mjomba, mteremko huu mkali.

"Bibi zako wamelima hapohapo kwa jembe la mkono," akasema, "na hakuna aliyewasikia wakilalamika."

Kisha akakaa kwenye kigoda akalalamika yeye mpaka ndizi zikaivia jikoni: ngedere wanaomaliza mahindi, walanguzi wanaompunja kwenye karafuu, barabara mvua ikinyesha, vijana waliokimbilia mjini, na zaidi ya wote, wale waliokimbilia ng'ambo. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia, "Kweli kabisa, mjomba."

Serikali imekuja na hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Mimi pasipoti yangu ni ileile ya kwetu, kwa hiyo hainihusu. Ila kama yupo mheshimiwa anayesoma safu hii, naomba sheria iongezewe kifungu kimoja kidogo: Mtanzania aliyerudi, akishakatikiwa maji mara ya kwanza, ana ruhusa ya kulalamika papo hapo, kwa sauti, bila kuulizwa huko alikotoka wanafanyaje.