Kava Jipya, Redio Ileile

Hoteli yetu iko ufukweni, kaskazini mwa Dar es Salaam, na kitu chochote cha chuma au plastiki kikiletwa pale huanza kuhesabiwa siku. Chumvi inakula bawaba, jua linakula viti, na walinzi wanakula virungu vya redio. Sisemi kwa ubaya. Redio kolu ina virungu viwili tu kichwani, kimoja cha kuwashia na kuongezea sauti, kingine cha kubadilishia chaneli, na vyote huzungushwa na kidole gumba chenye jasho, mchanga na, ikifika usiku, dawa ya mbu. Hiyo dawa hakuna anayeishuku. Dawa nyingi za kujipaka zina kemikali iitwayo DEET, ambayo inamfukuza mbu na hapohapo inalainisha plastiki za aina nyingi. Ukikuta namba za chaneli zimefutika na ganda linanata kama embe bovu, usimtafute mchawi. Mlinzi wako amejikinga na malaria tu.

Mimi ni mtunza stoo, kwa hiyo kila kilichovunjika huletwa kwangu, na kisichovunjika huletwa kikishavunjwa.

Redio zetu 11 zilikuwa na sura 11. Ya geti kuu ilibaki na kijiti cha chuma pale kirungu cha sauti kilipokuwa, na Afande, mzee wetu aliyestaafu jeshini, alikizungusha kwa plaizi aliyoifunga kiunoni kwa kamba ya viatu. Ya jikoni ilivalishwa kifuniko cha dawa ya meno. Ya bwawani kirungu chake cha chaneli kilipasuka kwa ndani, kwa hiyo kirungu kilizunguka lakini kijiti kilitulia palepale. Kijana wa bwawa aliamini kwamba akitaka kuongea na dada wa dobi anahamia chaneli ya 4, wawe wawili tu. Kumbe wote walikuwa chaneli ya 1, maana na ya dobi ilikuwa na ugonjwa huohuo. Mapokezi walikuwa wanaahirisha hata chakula cha mchana ili wasipitwe.

Iliyotuponza ni ya ukumbini. Kirungu chake cha sauti kiling'oka kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Siku hiyo kulikuwa na ndoa, watu wametulia, shehe ameshika mkono wa bwana harusi, anasubiri jibu. Likatoka kiunoni mwa mhudumu, kwa sauti ya ukumbi mzima: "Choo cha wanaume kimeziba tena, ova." Bwana harusi akafunga mdomo. Mhudumu alikandamiza redio tumboni, akaikalia, mwisho akatoka nayo mbio, na huko koridoni tukaisikia ikiuliza, "Umenisoma au hujanisoma?"

Kesho yake bosi aliniita. Nilimwekea mezani bei ya redio mpya, akaisoma kimya kimya kisha akaifunika na kikombe chake cha chai.

"Ndani zimeharibika?"

"Hapana, bosi. Ndani nzima. Tatizo betri zime..."

"Basi mwili ndio mbovu. Tununue mwili."

Nikaenda Kariakoo kutafuta makava ya redio. Muuzaji alinihakikishia kwamba makava yake ni orijino, nilipomuuliza orijino ya wapi akasema orijino ya Guangzhou. Ukweli wake niliupenda. Makava meusi yalikuwa 10, la 11 akanipa la njano, akanifungia na mfuko wa virungu.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka ustaarabu. Unatoa betri, unafungua antena, unavivuta virungu wima kwenda juu bila kuvitingisha pembeni, kwa sababu vijiti vyake vimechongwa bapa upande mmoja na havipendi kupindwa. Kisha bisibisi bapa chini, kwenye mwanya kati ya ganda na kiunzi cha chuma. Unabinua kidogo, mtambo mzima unateleza kutoka. Hapo usikimbilie kuuvuta: kuna utepe mwembamba wa nyaya unaoshika spika na maiki, na mafundi wenye haraka ndipo wanapougeuza mtambo mzima kuwa spea. Oringi, ule mpira mweusi unaozunguka kiunzi kuzuia maji, uuhamishe wa zamani, maana kava la bei yetu huja bila oringi.

Ndani nilikuta mchanga wa kutosha kuanzishia ufukwe mwingine, punje ya pilau, na katika redio ya mapokezi, sisimizi na mayai yao. Kwa siri nyingi zilizopita pale, wale sisimizi walikuwa wanajua zaidi ya meneja.

Nikiwa katikati ya mchanga huo niliikumbuka SCR-536, redio ya mkononi ambayo kampuni ya Galvin ya Chicago, iliyokuja kuitwa Motorola mwaka 1947, ililitengenezea jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ile haikuwa na swichi ya kuwashia: ukivuta antena juu imewaka, ukiirudisha imezima. Masafa yake yalikuwa mamoja, yamepangwa kabisa kabla hujakabidhiwa. Waungwana walioibuni, nina hakika, waliwahi kufanya kazi na walinzi.

Redio zilipovaa makava mapya zilipendeza hadi nikaona aibu kuzigawa. Virungu vingine vilipwaya, nikavikaza kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Afande alikataa kata kata kubandua nailoni ya juu, akisema kitu kipya hakivuliwi nguo siku ya kwanza. Tatizo lake likawa sauti: kila akiita kutoka getini tulimsikia kwa mbali mno, amebanwa pua. Mama mpishi akamtumia chai ya tangawizi. Meneja akamshauri apumzike. Alikunywa ile chai zamu nzima ndipo nilipoichukua redio na kugundua kwamba tundu la maiki kwenye kava lake limechorwa tu, halijatobolewa. Sindano ya moto ikamponya. Chai aliendelea kuidai.

La njano liliniletea ugomvi, kila mtu analitaka. Bosi akaja kuamua, akaamua liwe lake. Hajawahi kuwa na redio tangu hoteli ifunguliwe, sasa anatembea nayo na anasikia kila kitu, na lugha ya hewani imekuwa ya msikitini. Hata kijana wa bwawa siku hizi anaomba taulo kwa kusema "tafadhali".

Nyeusi 10 zilileta balaa jingine. Zamani kila mtu aliijua yake kwa kovu. Sasa zimefanana, na ile yenye betri inayokufa saa tatu usiku imegeuka mtoto wa kambo, anabaki nayo aliyechelewa zamu. Walinzi wakaenda kwa bosi kulalamika kuhusu betri. Akaichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaipangusa na tai yake. "Mpya hizi!" akasema, na ombi la betri likafa hapo. Makava yale tulimnunulia bosi, redio zilivalishwa tu.

Halafu akaja mkaguzi wa mali. Kitabu chake kinasema redio 11 chakavu. Akaletewa redio 11 zinazong'aa.

"Hizi nimeziona," akasema. "Za kwenye kitabu ziko wapi?"

Nikamweleza. Akaniangalia kwa huruma, kwa namna wakaguzi wanavyomwangalia mtunza stoo aliyeanza kujieleza. Namba za usajili zilizokuwa kwenye lebo, nyuma ya betri, zilishalambwa na jasho zamani. Ikabidi nimletee gunia la maganda. Akayamwaga sakafuni, akayapanga, akayahesabu yakatimia. Akahesabu virungu vya zamani, akaandika pungufu. Nikamwonyesha kifuniko cha dawa ya meno. Akakitia kwenye bahasha kama kielelezo. Akamwita Afande ashuhudie, na Afande akaapa mbele yake kwamba redio ni mpya, ameivua nailoni mwenyewe.

Bosi alisoma ripoti mpaka mwisho. Mstari uliosema hoteli ina redio 11 mpya zisizojulikana zilikotoka aliupigia mstari kwa kalamu nyekundu, akatabasamu, akaniuliza kama jenereta nayo inauziwa kava.