Chumba cha Thelathini na Saba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, uliyewakilishwa na mjumbe, ambaye naye amemtuma mwanawe. Mwenye kibanda umiza hiki, uliyenipa nafasi baina ya picha mbili. Ndugu wanazuoni mlioketi kwenye mabenchi. Na ninyi wanazuoni huria mnaochungulia kwenye tundu la turubai bila kulipa: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa kuzungumzia mvuto wa picha za kungfu za zamani. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, kwa sababu nilitazama kulia na kushoto nisimwone mwingine mwenye sifa. Kwa msiomjua msemaji wenu, mimi ni Profesa wa Ngumi za Kichina, Kitivo cha Kutazama. Shahada ya uzamivu nilijitunuku kwa kauli moja, baada ya kujihoji kwa ukali na kuridhika na majibu. Za heshima sipokei, siku hizi zimekuwa za kila mtu.

Kwanza nisafishe uwanja. Upo upotoshaji unaoenezwa na vijana wa bodaboda kwamba utamu wa picha hizi ni mapigano. Nawasikitikia. Mtu anayetaka mapigano aende stendi saa moja jioni, atayapata bure na atayaelewa bila mtafsiri. Kiini cha picha ya kungfu, na mwenye kalamu aandike, ni ndoo ya maji.

Chekeni. Hata Galileo walimcheka, na yeye alikuwa na darubini, mimi nina macho matupu.

Twende kwenye ushahidi. Mwaka 1978 kampuni ya Shaw Brothers ya Hong Kong ilitoa The 36th Chamber of Shaolin, ikiongozwa na Lau Kar-leung, stelingi akiwa Gordon Liu. Gordon anacheza kijana anayekimbia ukatili wa watawala wa Kimanchu, anaingia hekalu la Shaolin, ananyolewa kipara na kupewa jina la San Te. Anaambiwa kuna vyumba 35 vya mafunzo, achague pa kuanzia. Kwa kiherehere cha ujana anataka cha juu kabisa. Anapanda, anawakuta watawa wamekaa wakisoma maandiko, hakuna anayerusha hata kofi. Mzee mmoja anamkazia macho tu, na mtoto wa watu anarushwa nyuma kama amegongwa na daladala. Akiokotwa, anapelekwa chumba cha chini kabisa.

Na huko chini kuna nini? Ngumi? Hapana. Kuna dimbwi, katikati yake linaelea fungu la miti, na ng'ambo kuna chakula. Atakayekanyaga vizuri atakula. Atakayekanyaga vibaya ataoga na nguo zake, kisha atawasikiliza wenzake wakitafuna. Akifaulu hapo anakabidhiwa ndoo mbili za maji za kupandisha mlimani, mikono imenyooshwa pembeni, na kwenye mikono ile wamemfungia visu, ili kiwiko kikishuka kidogo tu mbavu zipate taarifa. Anagonga kengele kwa nyundo yenye mpini mrefu mpaka kifundo cha mkono kinalia. Anapita kati ya mifuko ya mchanga iliyotundikwa akiipiga kwa kichwa, na kichwa kinavimba, na kesho yake anarudi.

Sehemu kubwa ya katikati ya picha ni hiyo: mtu anateka maji, anateleza, anavimba. Hakuna adui. Na nimeshuhudia humu humu, watu wazima wenye vibofu vilivyojaa wakikataa kutoka nje kwa sababu San Te hajafika juu na ndoo zake. Sasa niambieni, picha gani nyingine duniani inakuonyesha stelingi akijifunza kazi? Kwenye picha za Kihindi anazaliwa anajua. Kwenye za Kimarekani anafungua kabati, anatoa bunduki, tunaendelea. Mchina peke yake ndiye anayekuwekea mezani gharama ya kila teke kabla hujaliona teke lenyewe. Ndiyo maana likifika, unaliamini.

Na si picha tu. Lau Kar-leung hakuiokota kungfu kwenye duka la nguo za maigizo. Baba yake, Lau Cham, alifundishwa na Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alifundishwa na Wong Fei-hung mwenyewe, yule tabibu na mpiganaji wa Guangdong ambaye tangu mwaka 1949 Kwan Tak-hing alimwigiza katika picha nyingi hata watu wakachanganya nani ni nani. Kwa hiyo Lau anapompanga mtu katika mkao wa simbamarara na korongo, mnaangalia ukoo. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao nao walikulia Hong Kong katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, ambako mtoto alisimama kwa mikono mpaka mwalimu achoke, na fimbo haikuwa pambo la ukutani. Mkataba wa Jackie ulikuwa wa miaka 10. Wengine wetu miaka 10 hatujawahi kuimaliza hata kwenye nyumba ya kupanga.

Ndipo mtaelewa kwa nini kamera za siku zile zilikaa mbali na kutulia. Zilikuwa na cha kuonyesha: mtu mzima, kuanzia utosi hadi kiatu cha kitambaa, akifanya jambo analolijua. Leo mnaonyeshwa goti, mnaonyeshwa sikio, mnaonyeshwa dirisha likipasuka, kisha mnaambiwa jambazi kashindwa. Kashindwa na nani? Na mkasi wa mhariri. Naomba hili liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Nakuja kwa wanafunzi watoro, nao naona mmehudhuria kwa wingi. Mwaka huo huo wa 1978 Yuen Woo-ping aliongoza Drunken Master, na mwalimu mlevi akaigizwa na baba yake mzazi, Yuen Siu-tien. Jackie Chan ni Wong Fei-hung kijana, mtundu, mvivu. Mzee anamning'iniza miguu juu kichwa chini, na akiwa hivyo anatakiwa achote maji kwenye ndoo ya chini kwa vikombe vidogo, ajikunje kwa tumbo, amimine kwenye ndoo ya juu. Nimekwisha sema kiini ni nini. Mzee anamfundisha mitindo ya Walevi Wanane, lakini mmoja, ule wa mwanamke, Miss Ho, kijana anauona wa aibu na anautegea. Pambano la mwisho linafika, mbele yake Hwang Jang-lee mwenye miguu kama radi, mitindo saba imekwisha na adui yuko wima. Kumbe mtihani umetoka palepale pa somo alilotega. Inabidi autunge mwenyewe hapo hapo, akilegeza kiuno na kurembua macho, na kibanda kizima kinalia kwa kicheko.

Wapo watakaokuja na hoja ya vitabu. Ninayo. Katika The One-Armed Swordsman ya mwaka 1967, iliyoongozwa na Chang Cheh, Jimmy Wang Yu anakatwa mkono wa kulia na binti wa mwalimu wake, kisha anajifunza upanga upya kutoka katika kitabu kilichoungua nusu, ambacho kwa bahati nusu iliyosalia ni ya mkono wa kushoto. Wasomi wenzangu wa vyuo vikuu hunikejeli kwamba nami vitabu vyangu nimevisoma nusu nusu. Nawajibu kwamba inategemea nusu gani.

Hapa nashusha sauti kidogo, kwa sababu jambo hili si la mzaha. Katika The Big Boss ya mwaka 1971, Bruce Lee ni kibarua wa kiwanda cha barafu nchini Thailand. Amemwapia mama yake kwamba hatapigana, na amevaa shingoni kidani cha kumkumbusha. Karibu nusu ya picha hapigani. Wenzake wanapigwa, wengine wanapotea, yeye anakishika kidani chake na kumeza mate, na sisi tunameza naye. Mwaka uliofuata, katika Fist of Fury, anasimamishwa kwenye lango la bustani ya Shanghai penye bango linalokataza mbwa na Wachina. Anaruka, analipasua bango kwa teke. Picha za namna hiyo zilipoingia kwenye sinema za Dar es Salaam na Zanzibar miaka ya 1970, walioketi gizani walikuwa wamewahi kuziona klabu walizokatazwa kuingia. Hawakuhitaji mtafsiri. Teke lile lilikuwa linaeleweka lenyewe.

Narudisha sauti yangu ya kawaida.

Kuhusu mtafsiri, nimesikia watu wa mjini wakidharau kwamba mdomo unafunga na sauti bado inaendelea. Picha za Hong Kong za wakati ule zilipigwa bila sauti. Kila mwigizaji alisema lugha ya kwao, halafu watu wengine kabisa wakaingia studio wakatia maneno, na kofi likatiwa mlio wa gunia la mahindi lililodondoka. Kwa hiyo kina Lufufu na DJ Mark walipotutafsiria kwa Kiswahili, wakamwongezea adui matusi ambayo hakuyatukana na methali ambazo hakuzijua, hawakuharibu chochote. Waliendeleza utaratibu wa kiwanda.

Maswali. Moja, la pili halitapokelewa.

Haya, mnaniletea matatu. Huyu mwenye jezi anauliza kwa nini wasichukue bunduki mambo yakaisha. Kijana, swali hilo Bruce Lee aliliuliza mwenyewe ndani ya Enter the Dragon mwaka 1973, akaelezwa kuwa adui wa picha, anayemiliki kisiwa, anaogopa silaha hizo. Umechelewa nusu karne. Wa pili anadai kanuni ya “stelingi hafi” ni ya uongo, maana mwisho wa Fist of Fury stelingi anarukia mitutu ya bunduki. Nasimama kumtetea marehemu, au tuseme mshitakiwa. Picha inagandishwa angali hewani. Milio tunaisikia, risasi ikimpata hatujaiona. Kisheria yuko hewani mpaka leo, na atakayesema amekufa alete cheti.

Yule wa nyuma ameuliza kuhusu Pai Mei, mzee mwenye nyusi nyeupe katika Executioners from Shaolin ya mwaka 1977, aliyekuwa akilinasa teke la adui kwa sehemu ambayo heshima yangu hainiruhusu kuitaja, kisha akimburuta huku akicheka. Mwanangu, usijaribu. Wala usiniulize nimejuaje.

Lakini naona kuna mkono ambao hauteremki. Unasema nini? Kwamba San Te alipovimaliza vyumba vyote 35 aliomba kifunguliwe cha 36, cha kuwafundisha watu wa kawaida nje ya hekalu, na sasa unataka kujua mimi nilipita kipi. Swali zuri, ingawa limeulizwa kwa sauti isiyo na adabu. Mimi sikupita, mimi nilianzisha. Chumba cha 37, ambacho mmekikalia. Humu anafundishwa mtazamaji: jinsi ya kukaa benchi moja watu sita, jinsi ya kunyamaza mzee anapoanza kufundisha, jinsi ya kumtambua adui kwa kicheko tu. Ni mafunzo ya makalio na subira, na San Te hakuyapata.

Unataka nionyeshe mkao wa farasi, mapaja sambamba na sakafu, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Ombi limepokelewa na kamati, ambayo ni mimi. Chai iletwe kwanza. Na kiti cha kuinywea.