Samaki wa Kupigwa Picha
Kwa Wagenia wa Kisangani uvuvi hauna maneno mengi. Magogo husimikwa kwenye miamba ya maporomoko, migono mikubwa huning'inizwa katikati ya maji yanayochemka, na Mto Kongo wenyewe huwaingiza samaki ndani. Jioni, sufuria ndiyo hutoa ripoti.

Mgeni wa michezo ana utaratibu mwingine. Huja na fulana ya mifuko kumi na miwili, hulipa mwongozaji na mtumbwi, kisha humwinda mbenga, yule samaki mwenye meno ya kumtia mamba wivu. Akimpata, humpima, humkumbatia, hupiga picha, halafu humrudisha mtoni.

"Kumbe samaki alikuja kupima uzito tu?" angeuliza mama wa sokoni, kisu mkononi.

Tusimcheke sana mgeni huyu. Mwaka 1877 mgeni mwingine, msafiri mpelelezi Henry Stanley, alipita hapa, akayakuta maporomoko saba yenye wenyewe, akaendelea na safari. Nayo yakabandikwa jina lake miaka mingi, hadi yalipoitwa Boyoma. Mgeni wa leo ni muungwana: alichokichukua, anakirudisha kabla ya chakula cha jioni.