Sifa za Mpangaji Sugu

Nianze na shikamoo yake. Katika nyumba yangu ya Manzese, hakuna mpangaji anayelipa kodi kwa wakati aliyewahi kuniamkia kama anavyoniamkia huyu asiyelipa. Wenzake hupita na "za asubuhi, mzee", basi. Yeye husimama, huinama, huuliza presha yangu inaendeleaje, mama mwenye nyumba kaamkaje, na wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao. Akimaliza, nimeshasahau nilichomwendea.

Aliletwa na dalali, kama wanavyoletwa wote. Nilitaka kodi ya miezi sita mkononi, akaihesabu yote papo hapo bila kukunja uso. Dalali naye akachukua chake cha mwezi mmoja. Mkataba? Tulipeana mikono. Mtu aliyetoa nusu mwaka kwa mkupuo utamwandikia karatasi ya nini? Miezi sita ikaisha, na hapo ndipo kipaji chake kilipochanua.

Kwanza, ni msanii. Mwezi huu mzigo wake umekwama bandarini, mwezi ujao bosi hajasaini hundi, mwezi unaofuata pesa imetumwa kwa simu lakini mtandao umegoma. Misiba anayo ya kutosha, ila ana heshima ya kazi: hajawahi kumuua shangazi mmoja mara mbili. Mimi na mama mwenye nyumba tumeacha tamthilia za jioni. Tunamsubiri yeye.

Pili, ni bingwa wa hesabu. Nyumba ina vyumba sita na mita moja ya LUKU, na kila mtu huchangia kulingana na vyombo vyake. Vyake, kwa kauli yake, ni taa moja na chaji ya simu. Nyuma ya mlango wake kuna friji, pasi, jiko la umeme na sabufa ambayo ikinguruma, sahani za jirani hucheza kabatini. Lakini usidhani hajui thamani ya senti. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Siku moja alinunua umeme yeye, tarehe moja, akakatwa. Jioni alinijia na risiti. Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, akasema, na kweli ni yangu. Deni lake kwangu linaweza kungoja. Langu kwake aliomba nilimalize siku ileile.

Tatu, ni mwalimu. Kabla yake nilidhani sheria ya nyumba ni mimi. Nilipomshtaki kwa mjumbe, nilimkuta ameshafika, ameshapewa kiti na chai. Mjumbe akatusihi tupatane. Nikasema twende baraza la kata. Njiani akanieleza kwa upole kwamba tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, baraza hilo halihukumu tena, linasuluhisha tu, na limepewa siku 30. Tusipopatana, niende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko nitaulizwa mkataba. Na hata ningekuwa nao, wataangalia kama umelipiwa ushuru wa stempu, maana usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi. Wakili angenitoza fedha nyingi kwa darasa hilo. Yeye alinifundisha bure, nami nikalipa bajaji ya kwenda na kurudi.

Nne, ni mjenzi wa umoja. Wapangaji wangu walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya zamu za kufagia uani na kuosha choo. Leo wanakaa pamoja kwenye ukumbi wakimsema yeye, na kusengenyana kumekwisha. Mkutano wa mtaa haujawahi kupata mahudhurio yale.

Wapo wanaonibeza. Mng'olee mlango, wanasema, au ezua bati la juu ya chumba chake. Ushauri mzuri, isipokuwa mlango ni wangu, bati ni langu, na mvua ya masika haitauliza nani anadaiwa. Isitoshe, siku nikipanda juu ya paa na nyundo, mshtakiwa atakuwa mimi, na shahidi mwenye ufasaha kuliko wote mtaani tayari ninamjua.

Sifa yake kuu nimeigundua hivi karibuni: anaweka akiba. Ana kiwanja Chanika. Kodi yangu yote niliyodhani imepotea ipo kule, imepangwa vizuri, tofali juu ya tofali, mpaka kwenye linta. Alinipeleka kuiona. Vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani, kama yangu. Nikamuuliza wapangaji atawapokea kwa utaratibu gani. Akanishika mkono kwa adabu: "Kama wako, mzee wangu. Miezi sita mbele, na mkataba wa nini? Tutaaminiana."

Nina mpwa wangu anayetafuta chumba, kijana mwenye maneno matamu na shangazi wengi. Nimeshampa namba ya dalali.