Madeni Aliyoyaacha Baba Watoto

Mume wangu aliondoka Olumbi, kijiji chetu cha pwani kaskazini mwa Msumbiji, alfajiri ya Jumamosi, mwishoni mwa mwaka 2018, begi moja mgongoni na chupa ya maji mkononi. Alikuwa anakwenda Unguja kwenye kazi ya ujenzi. Aliniachia watoto watatu, jarife lililochanika na kauli moja: "Vya watu vyote nimeshavimaliza." Nikamwamini. Jumatatu asubuhi, uji haujaiva, mwenye duka akapiga hodi.

Hakuja kwa shari. Alivua viatu, akakaa mkekani, akauliza hali za watoto, akauliza kama msafiri amefika salama. Ndipo akafungua daftari lake. Ukurasa wa mume wangu ulikuwa umejaa toka juu mpaka chini: mchele kilo 25, mafuta ya kula, sukari, betri za tochi, sukari tena. Mwisho kabisa, kwa wino mwekundu, metikali 4,800. Kwa bei ya wakati ule ni kama shilingi 180,000 za Tanzania. Nilikuwa na metikali 600 ndani ya kopo la maziwa.

Wiki ile ile alikuja mzee aliyemkopesha nyuzi na maboya. Akafuata fundi aliyelikalafati dau letu. Shemeji yangu mdogo naye alikuja, akazungukazunguka na habari za mvua na mihogo, akashindwa kutaja, akaondoka. Nikajua na yeye anadai.

Lakini lililoninyima usingizi lilikuwa la upato. Tulikuwa wanawake kumi, kila mmoja akitoa metikali 500 kwa mwezi, na mwenye zamu anabeba 5,000. Ukibeba mapema, ujue umebeba fedha za wenzako kabla hujawarudishia. Mimi nilikuwa wa pili. Mume wangu aliniomba zamu ile iwe nauli: chapa, yaani gari dogo la abiria, hadi Palma, chapa nyingine hadi Namoto, chombo cha kuvuka Ruvuma, kisha Kilambo, Mtwara, basi la Dar es Salaam na boti ya Unguja. Nikampa. Miezi minane mbele yangu kulikuwa na wanawake wanane wanaoningoja, nami sina mvuvi nyumbani.

Nilipompigia simu alinyamaza kidogo. "Mama watoto, hayo ni madogo madogo tu. Nitatuma."

Sikumwona mwongo, na mpaka leo simwoni hivyo. Alikuwa na haya. Pwani yetu mtu akisikika anasafiri, wanaomdai humsubiri njiani, naye akishikwa njiani mbele za watu hawezi tena kupanda gari. Wengi wetu tunaondoka gizani kwa sababu hiyo. Nina jamaa walioko Falme za Kiarabu. Huko mahakama inaweza kumwekea mdaiwa marufuku ya kutoka nchini. Olumbi hatuna karatasi ya namna hiyo. Tuna baraza la nje ya msikiti, na jina lako likishatajwa pale limetajwa.

Nikauza mbuzi wawili. Nikauza na vikuku vya fedha alivyoniachia mama yangu, vilivyofuliwa na mafundi wa kisiwa cha Ibo. Nikampelekea mwenye duka 2,500, nikamlipa mzee wa nyuzi deni lake lote, 900, nikatoa na ya upato miezi miwili. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Baada ya miezi mitatu ndipo mambo yakajulikana. Mzee wa nyuzi alikuwa ameshalipwa tangu kabla ya safari, kwa ng'onda, vikapu viwili. Aliyevipokea ni mwanawe, hakumwambia baba. Na mume wangu alikuwa akituma kweli. Shilingi zilitoka Unguja kwa M-Pesa mpaka kwa kaka yake Mtwara, kaka akazibadilisha kuwa metikali, akampa msafiri anayevuka Ruvuma, na msafiri akazifikisha moja kwa moja dukani, kama alivyoagizwa. Hakuna aliyeniambia. Mwenye duka aliziandika, lakini kwenye ukurasa wa mtu mwingine mwenye jina kama la mume wangu. Kwetu majina ni yale yale. Kwa hiyo tulikuwa tunalipa huku na huku, na daftari linaendelea kutudai. Vikuku vya mama vilikuwa vimeshakwenda.

Nililia siku ile. Mavyaa wangu hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku vidole vyake vikichambua mchele, akaniuliza kama najua aya ndefu kuliko zote katika Msahafu inazungumzia nini. Nilijua, tulifundishwa chuoni: inazungumzia deni, kwamba liandikwe, liwe dogo liwe kubwa, na wawepo mashahidi. "Na anayetamka ili mwandishi aandike ni nani?" Hapo nikakwama. "Ni anayedaiwa," akasema. "Si mdai. Mpigie mwanangu simu."

Tukaketi uani usiku ule: mimi, yeye, shemeji na majirani wawili. Simu iliwekwa katikati ya mkeka, sauti imefunguliwa. Mwanangu mkubwa aliandika kwenye daftari la shule kwa mwandiko wake wa darasani. Mavyaa akaandika lake kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa pwani hii walivyozoea kuandika lugha yao. Kila deni mume wangu alilitaja kwa kiasi chake, mwezi aliokopa, na alichokwisha kulipa na kwa mkono wa nani. Alitaja watu tisa. Watatu sikuwahi kuwasikia. Alipofika kwa mdogo wake sauti ikamkatika, na shemeji, aliyekuwa pale pale mkekani, akainamisha kichwa.

Kesho yake mavyaa alimwita kila mdai, mmoja mmoja, akamsomea ukurasa wake. Waliposikia wametajwa na mdaiwa mwenyewe, hakuna aliyegomba. Mzee wa nyuzi alirudisha 900 zangu. Mwenye duka alipekua daftari lake hadi akazikuta fedha zilizopotelea ukurasa wa jirani. Wawili waliomba tulipe kidogo kidogo. Shemeji alisamehe. Tukakubaliana pia kwamba kila fedha inayovuka mto lazima nijulishwe mimi kwanza, siku ile ile.

Jambo moja linaniuma sana. Kwetu msafiri asiyeondoka gizani anaagwa kwa dua na ubani, watu wanajaa uani. Maiti naye, kabla ya kuzikwa, jamaa yake husimama akatangaza: anayemdai marehemu na aje kwetu. Deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa, wala hakuna anayeliona jambo hilo ni aibu. Mbona anayeondoka na miguu yake hatumwulizi?

Machi 2021 Palma, mji wa wilaya yetu, ikashambuliwa na wapiganaji wenye silaha. Tulikimbilia Quitunda, karibu na mradi wa gesi wa Afungi, kisha tukapata chombo cha kutufikisha Pemba. Pemba ya Msumbiji, si ile ya Zanzibar. Tuliteremka ufukwe wa Paquitequete na nguo tulizovaa, na daftari la mavyaa, ambalo alilifunga tumboni kwa kanga. Siku kadhaa baadaye nilimkuta mwenye duka kwenye foleni ya maji, ameshika ndoo. Duka limechomwa, daftari limeungua. Aliniambia hakumbuki tena nani anadaiwa nini. Nikamwambia: sisi tunadaiwa 1,300. Akanitazama kwa muda mrefu. Mume wangu alituma fedha zile kabla ya Ramadhani kuanza, mwenye duka akazipokea mkononi mwangu mbele ya mkewe.

Mume wangu yuko Unguja bado. Kila anapokuja likizo, usiku mmoja kabla ya kurudi kazini tunakaa mkekani na anatamka mwenyewe.

Umebaki ukurasa mmoja ambao haujafungwa. Katika wale wanawake kumi wa upato, mwenye zamu ya tisa alikuwa akiuza mandazi asubuhi karibu na msikiti. Alipotea katika mkimbio ule. Nimemuulizia Pemba, nimemuulizia Mtwara kwa kila anayevuka. Zamu yake ilipofika sikuwa na cha kutoa, na mpaka siku ya mkimbio nilikuwa sijamlipa. Wewe unayesoma, kama huko uliko unamjua mwanamke wa Olumbi aliyekuwa katika upato wetu wa mwaka 2018, mwambie metikali zake 500 zimeandikwa, na ziko kwangu.