Iandaeni Fomu: Mhadhara wa Bingwa kwa Wakurugenzi wa Hospitali

Waheshimiwa wakurugenzi, madaktari bingwa, mabingwa msio madaktari, nanyi wauguzi mlioruhusiwa kusimama kule nyuma: mmebahatika. Somo la leo ni jinsi hospitali inavyopaswa kujiandaa kila serikali inapobadilisha masharti ya kuripoti usalama wa wagonjwa kwa kompyuta. Mfano wangu ni Marekani, ambako taaluma ya kujaza fomu imekomaa hadi kuoza. Hoja yangu ni moja, na haina mpinzani mwenye akili: anayejiandaa kwa kumlinda mgonjwa amejiandaa kwa mtihani usiokuja. Kinachokuja ni fomu. Iandaeni fomu.

Ushahidi ninao. CMS, idara inayosimamia Medicare, yaani bima ya serikali kwa wazee, ilizitaka hospitali kuanzia mwaka 2022 zieleze kama zimejitathmini kwa miongozo ya SAFER, ambayo inahusu usalama wa rekodi za kielektroniki. Jibu lilikuwa ndiyo au hapana, na yote mawili yalipokelewa kwa uso mkunjufu uleule: hospitali iliyojibu hapana ilihesabiwa kuwa imetimiza sharti sawasawa na jirani yake aliyejibu ndiyo. Sharti la namna hii huandikwa mara moja katika karne. Lakini kizuri hakidumu. Mwaka 2024 hapana ilikataliwa, ikabaki ndiyo peke yake, na waoga wakaanza kuhaha. Wangelisoma swali lenyewe, kazi ambayo wakubwa huwaachia makarani, wangelala usingizi. Swali linauliza kama mmejitathmini. Haliulizi mlikuta nini, wala halidai kila pendekezo liwe limetekelezwa. Mnaweza kuukagua mfumo wenu, mkagundua kwamba unamwandikia mgonjwa wa kitanda cha tatu dawa za mgonjwa wa kitanda cha nne, kisha mkajibu ndiyo bila kusema uongo hata chembe. Na miongozo yenyewe, iliyokuwa 9, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2025 ikawa 8. Mwenye kujua hesabu na asubiri.

Mwaka huohuo wa 2025 kikaja kipimo kipana zaidi, chenye maeneo 5, kuanzia dhamira ya viongozi hadi ushirikishwaji wa wagonjwa na familia zao. Hospitali hupata alama ya eneo pale tu inapothibitisha kauli zote zilizomo, na anayethibitisha ni hospitali yenyewe. Shuleni, mwanafunzi anayejisahihishia mtihani huitwa mdanganyifu. Hapa anaitwa mkurugenzi wa ubora, na ana gari.

Najua wapo watakaonitupia methali ya mficha maradhi. Nawajibu kwamba kifo kweli humuumbua mtu, ila methali haikutaja kitamuumbua kwenye kisanduku gani. Tena serikali yenyewe imeniunga mkono bila kujua. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani alitoa ripoti kuhusu madhara yaliyowapata wagonjwa wa Medicare wakiwa hospitalini. Hospitali zote zilizochunguzwa zilikuwa na mfumo wa kuripoti matukio. Madhara yaliyoingia katika mifumo hiyo yalikadiriwa kuwa asilimia 14. Yaani ukiuliza kama mfumo upo, unapata ndiyo kwa asilimia 100. Ukiuliza umenasa nini, unapata 14. Kati ya namba hizo mbili ndipo taaluma yangu inapojipatia riziki. Sehemu ya sababu ilikuwa kwamba wafanyakazi hawakuyaona matukio mengi kuwa ya kuripotiwa. Hiyo ni hazina, waheshimiwa. Msiiharibu kwa semina.

Pingamizi la pili lina uzito kidogo, kwa hiyo nitalipa heshima ya kulijibu taratibu. Wanasema siku hizi kompyuta haimuulizi mtu. Inazisoma rekodi za mgonjwa moja kwa moja. Ni kweli vipimo vya namna hiyo vipo. Kimojawapo huhesabu tukio pale sukari ya damu inaposhuka chini ya miligramu 40 kwa desilita ndani ya saa 24 baada ya mgonjwa kupewa dawa ya kuishusha, isipokuwa kipimo cha marudio ndani ya dakika 5 kikisoma zaidi ya 80. Muuguzi aliyezoea wodi ataona hapa mtu anayetoka jasho, anayetetemeka, anayehitaji glukosi upesi. Huo ni mtazamo finyu. Bingwa anaona kwamba kompyuta husoma kilichoandikwa tu, na sukari isiyopimwa haijapata kushuka chini ya 40 mahali popote duniani. Mkipunguza vijiti vya kupimia, mtakuwa mmepunguza bajeti na madhara kwa saini moja. Kuhusu huyo anayetetemeka, fomu ya sasa haina kisanduku cha kutetemeka.

Nimemaliza. Maswali yatapokelewa kwa mfumo wa kielektroniki pekee, ambao kwa sasa uko kwenye matengenezo. Swali ambalo halitaonekana humo litahesabiwa kuwa halikuulizwa, na mhadhara huu utaingizwa kwenye kumbukumbu kuwa umeeleweka kwa asilimia 100.